Macho mekundu ya koko si ushahidi

Kuna uso mmoja ambao filme za kutisha zinazoangaliwa Bukavu, Uvira na Goma hazichoki kuuonyesha. Ni uso wa mama mzee. Nywele nyeupe, mashavu yaliyoingia ndani, meno mawili ao matatu yaliyobaki, macho mekundu. Anatokea usiku, taa inamwangaza toka chini, muziki unapiga sauti moja nzito, na kila mtu ndani ya chumba cha video, hata mtoto wa miaka 6 aliyepenya bila kulipa, amekwisha kujua: huyo ndiye mlozi. Hajasema neno. Hajagusa mtu. Uso umetosha.

Ugomvi uko hapo. Hakuna anayezuia filme ya kutisha kutisha. Anayetafuta usingizi mzuri achague filme ya ndoa. Lakini mtu anapochukua uzee na umaskini akavifanya alama ya uovu, halafu akaionyesha alama hiyo katika jimbo ambapo wamama wazee wanachomwa kweli, hawezi kujificha nyuma ya neno "burudani". Mwezi wa Septemba 2021, shirika la habari la Ufaransa, AFP, liliripoti kwamba wanawake 8 walioshitakiwa ulozi waliuawa katika teritwari 3 za Kivu ya Kusini, Kalehe ikiwa moja wapo. Wengine walichomwa moto, wengine walipigwa na kundi la watu mpaka kufa. Habari za wakati ule ziliwataja manabii wanawake wanaoitwa bajakazi kuwa ndio waliokuwa wakionyesha kidole.

Haki isemwe: filme haikuwasha moto ule. Imani ya ulozi ina umri mkubwa kuliko kamera, na vijiji visivyojua televizyo navyo vimeua watu wao. Ila imani peke yake haina sura. Inasema tu kwamba kuna mtu anayekula wenzake usiku; haisemi mgongo wake umepinda namna gani. Sura imechorwa polepole, na kwa miaka 30 hii mchoraji mwenye bidii kupita wote amekuwa filme ya video.

Tazama alama zake moja moja, maana hazikuokotwa hewani.

Macho mekundu kwanza. Kwenye filme yanatengenezwa kwa lenzi ya rangi inayobandikwa juu ya jicho, ao kwa kompyuta. Kwenye nyumba za Kivu yanatengenezwa jikoni. Mama aliyepika miaka 50 kwa kuni mbichi, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, akipuliza moto kwa mdomo wake mwenyewe kila asubuhi na kila jioni, hawezi kuwa na macho meupe kama ya msichana wa matangazo ya sabuni. Jambo hili si la Kivu tu. Tanzania, kwa Wasukuma wa kusini mwa Ziwa Victoria, limesemwa na kuandikwa kwa miaka mingi: wamama wazee walikuwa wakiuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu ule ulitoka kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Mwanamke amewapikia watu chakula maisha yake yote, na alama ya kupika ndiyo inakuwa hati ya kumuua.

Halafu jicho jeupe, lile linalofanya watoto wapige kelele wakati kamera inalikaribia. Lina jina la hospitali: mtoto wa jicho. Daktari wa macho anaupasua ugonjwa huo kwa operesheni fupi na mgonjwa anarudi nyumbani akiona. Hakuna filme ya ulozi iliyowahi kumpeleka koko wake kwa daktari wa macho. Ingeisha mapema mno.

Na ile taa ya chini? Hii inastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu ndiyo silaha kubwa ya watengeneza filme na watazamaji wengi hawaijui. Jua linawaka juu, na taa ya nyumba inaning'inia juu. Toka utoto mtu amezoea kuona nyuso zenye kivuli chini ya pua na chini ya kidevu. Weka taa chini ya kidevu na kila kitu kinageuka: kivuli cha pua kinapanda kwenye paji la uso, mashimo ya macho yanazama, uso wa mtu unayemjua unakuwa wa mtu mwingine. Waongozaji wa Ujerumani waliucheza mchezo huu miaka ya 1920, Hollywood ikauchukua miaka ya 1930, na leo kijana yeyote wa Ibanda mwenye telefoni na tochi anaweza kuufanya. Sasa umeme ukatike Kadutu saa moja ya jioni, kama unavyokatika. Mama anainama juu ya mbabula kugeuza makala. Mwanga pekee katika kiwanja unatoka chini ya uso wake. Kila mama wa Bukavu anayepika gizani ana taa ya mlozi wa sinema, na hakuiomba.

Yaliyobaki ni mepesi. Mlozi wa filme anatembea usiku. Wazee hawana usingizi, na choo kiko nje. Anasema peke yake. Uzee unaleta ugonjwa wa kusahau, na mjane wa miaka 80 anaweza kuongea na mume wake aliyezikwa zamani bila kumroga mtu. Anakaa peke yake mwisho wa njia. Watoto wamekimbia vita ao wamekwenda kuchimba dhahabu. Mpe muuguzi orodha hii ataandika: moshi, mtoto wa jicho, mgongo, usingizi, upweke. Mpe mtengeneza filme, ataandika: mlozi.

Watu wa sinema wenyewe wanajua kwamba alama ni kitu cha kutengenezwa. Katika Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, damu inayoteremka kwenye tundu la bafu ilikuwa maji ya chokoleti, kwa kuwa filme ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe na chokoleti ilionekana vizuri zaidi. Wapiga picha wakisimuliana hadithi hiyo wanacheka, na wana haki. Lakini mbona kicheko hicho hakifiki kwenye chumba cha video? Mtazamaji hapewi hata dakika moja ya kuona kwamba damu ni chokoleti na kwamba yule koko wa kutisha ni mwigizaji aliyechoka, anayengoja pesa yake na sahani ya sombe.

Kuna watakaosema: mababu nao walitisha watoto, hadithi za majitu yanayokula watu zilisimuliwa kando ya moto kabla ya Mzungu kuleta kamera. Ni kweli kabisa, na hadithi zile zilikuwa na akili ambayo filme imeipoteza. Jitu la hadithi lilikuwa na mguu mmoja, ao mdomo mgongoni, ao mkia. Lilikaa ng'ambo ya msitu. Hakuna mtoto aliyetoka kando ya moto akasema jitu lile ni jirani wa mlango wa tatu, kwa sababu jirani wa mlango wa tatu ana miguu miwili. Angalia pia mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye wachoraji wa Lubumbashi walimchora miaka ya 1970 na wafanyakazi wa migodi wakamtundika sebuleni. Ni picha ya hofu hasa: mwanamke mzuri, nyoka mwilini, utajiri unaodai malipo. Wageni walikaa chini yake wakinywa pombe na kubishana juu ya pesa na bei yake. Mkia wa samaki ulimlinda kila mwanamke wa mtaa, maana hakuna aliyekuwa nao. Filme ya ulozi imeondoa mkia. Imebakiza mwanamke.

Hata Nigeria, ambako filme nyingi hizi zinatoka, mwanzo haukuwa huu. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyofungua soko la filme za video huko, inatisha bila kumsingizia mzee maskini yeyote. Mwenye kuua pale ni mume, kijana anayetaka magari na nguo nzuri kama wenzake. Anaingia katika kundi la matajiri, anamtoa mke wake sadaka, na mke anarudi kumtesa. Uovu una suti na saa ya mkononi. Mtazamaji wa Lagos wa wakati ule, aliyekuwa akiona watu wanatajirika ghafla bila kujulikana wanafanya kazi gani, alielewa bila kuambiwa. Miaka 7 baadaye, mwaka 1999, ikatoka End of the Wicked, iliyoandikwa na mhubiri Helen Ukpabio na kuongozwa na Teco Benson. Humo watoto wanaingizwa katika kundi la wachawi na kufanya kazi ya usiku. Watetezi wa haki za watoto wameilaumu vikali filme hiyo kwa kueneza hofu ya watoto wachawi, lawama ambazo mhubiri mwenyewe amezikataa. Ukubaliane naye ao usikubaliane, kidole kimehama. Kimetoka kwa tajiri mwenye mlinzi mlangoni, kikashuka kwa mtoto asiye na baba. Ni rahisi zaidi kumpiga.

Na Kongo inajua kidole hicho kinafika wapi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 juu ya watoto wa barabarani ilieleza watoto wa Kinshasa na miji mingine waliofukuzwa nyumbani kwa jina la ndoki, wengine baada ya kufungiwa na kunyimwa chakula katika makanisa ya kuwaombea. Mwaka huo huo Katiba mpya, kifungu cha 41, ikakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto, katika kifungu cha 160, ikaweka adhabu: mwaka 1 mpaka 3 gerezani, pamoja na faini. Inchi ambayo imelazimika kuandika neno "ulozi" ndani ya Katiba yake haiwezi kusema picha ni picha tu.

Wapo pia wachungaji wanaotetea filme hizi kwa sababu mwisho wake Mungu anashinda. Ndiyo, anashinda. Mlozi anaungama, anaanguka chini, watu wanaimba, jina la mtengenezaji linapita. Lakini kuungama huko ndiko sehemu yenye sumu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Katika filme mlozi anaungama kwa kuwa ni mlozi. Katika maisha, mama aliyezungukwa na vijana 40 wenye fimbo anaungama kwa kuwa ni vijana 40 wenye fimbo.

Mwongozaji mmoja wa Denmark alilielewa hilo miaka 100 iliyopita. Benjamin Christensen alitengeneza Häxan mwaka 1922, filme ya kimya juu ya wachawi wa Ulaya. Hakuogopa picha. Kuna mashetani, kuna mafagio yanayoruka, kuna shetani mkubwa anayetoa ulimi, na shetani huyo ni Christensen mwenyewe aliyepakwa rangi. Anayependa kutishwa anapata sahani yake kamili. Kisha analetwa mama mzee maskini, mfumaji wa nguo, aliyeshitakiwa kwamba amemroga mwenye nyumba mgonjwa. Watawa wanamtesa. Anaungama, na ni hapo tu mtazamaji anaona alichokiungama: sherehe zile za mashetani zote zilizoonyeshwa kwa uzuri ni maneno ya mwanamke anayetaka maumivu yaishe. Halafu, kwa kuwa wanamuuliza majina zaidi, anawataja wanawake wa nyumba ile ile iliyomshitaki. Nao wanakwenda. Mwisho wa filme Christensen anaacha karne za zamani, anaonyesha wazee wa siku zake, wenye migongo iliyopinda, katika nyumba ya kutunzia wazee, ili mtazamaji ahesabu mwenyewe ni wangapi kati yao wangechomwa zamani. Amechukua alama ile ile, uso ule ule wa kizee, na ameugeuza mpaka anayeonekana wa kutisha ni hakimu.

Ndiyo maana hoja ya "bila mlozi hakuna filme ya kutisha" ni uvivu. Mwaka uo huo wa 1922 F. W. Murnau alitoa Nosferatu. Kila mtu anakumbuka kivuli kinachopanda ngazi, vidole virefu kama matawi. Wachache wanakumbuka kwamba mji, ukiwa umejaa majeneza ya tauni, unamkimbiza mtu mmoja barabarani na kumtupia mawe, ingawa kweli naye si mtakatifu. Aliyeleta tauni amesimama wakati huo kwenye dirisha la nyumba yake, hana mtu anayemsumbua.

Na kuna Night of the Living Dead, ambayo George Romero aliitengeneza Pennsylvania, Marekani, mwaka 1968, kwa pesa kidogo. Wafu wanafufuka na kula watu. Usiku kucha Ben, mtu mweusi aliyechezwa na Duane Jones, analinda nyumba ya shamba kwa misumari na mbao. Wenzake wanakufa mmoja mmoja. Yeye anafika asubuhi. Anasikia sauti za watu, anakaribia dirisha, na kundi la raia wenye bunduki, waliotoka kusafisha eneo, wanamwona kwa mbali na kumpiga risasi ya kichwa. Wamedhani ni mfu. Mwishoni picha zinaacha kutembea. Zinakuwa picha za gazeti, zenye chembechembe: wanaume, ndoano za nyama, mwili wa Ben unaokokotwa. Kisha moto. Mwaka ule Martin Luther King alikuwa ameuawa, na hakuna Mmarekani aliyehitaji mtu wa kumfasiria picha zile. Mtu wa Kalehe naye hahitaji mfasiri. Kundi la raia, asubuhi, lenye uhakika wake, na mwili juu ya kuni.

Karibu zaidi, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga, kuna kazi ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia, I Am Not a Witch, ya mwaka 2017. Hiyo si ya kutisha kwa maana ya kurusha watu vitini. Inachekesha mpaka mtu anaona haya kucheka. Msichana mdogo anaambiwa ni mchawi na kupelekwa kwenye kambi ya wamama wazee. Kila mmoja wao amefungwa utepe mweupe mgongoni, mrefu, uliozungushwa kwenye gurudumu kubwa la mbao, ili asiruke kwenda kuua. Wanaambiwa wakiukata watageuka mbuzi. Wakipelekwa shambani, magurudumu yanapakiwa juu ya lori pamoja nao. Hakuna jicho jekundu hata moja. Nyoni amepata alama yake katika kamba, ambayo mtu mwingine ameifunga na mtu mwingine anaishika, na inaonekana toka mbali kwamba haikuota mgongoni mwa mwanamke.

Baada ya mauaji, wako wanaotaka vyumba vya video vifungwe na filme hizi zichomwe. Waachwe wapoe. Kufunga chumba cha Kadutu kutampeleka kijana kwenye telefoni, ambako ataona vipande vibaya zaidi bila mwanzo wala mwisho, vingine vikiwa vya mauaji ya kweli yaliyopigwa picha na waliokuwa wakiua. Hofu inahitaji mahali pa kukaa, na sinema ni mahali pazuri kuliko kiwanja cha jirani. Wanaopaswa kuulizwa ni wachache na wanajulikana mtaani: anayeandika hadithi, anayeweka taa, anayechagua mama wa kuigiza kwa kuangalia tu makunyanzi yake, na mchungaji anayekodisha projekta Jumapili jioni kisha anasimama mbele ya kitambaa cheupe na kusema, "mmeona kwa macho yenu". Hawakuona. Walionyeshwa. Na anayefasiri filme kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe naye yumo, maana mara nyingi mwigizaji amesema "mama" na mfasiri, ili watu wachangamke, ametia "mchawi".

Vijana wa Bukavu wanaotengeneza filme fupi wanalalamika kwamba hawana pesa ya kutisha watu. Hadithi iko tayari na haihitaji lenzi ya rangi. Koko ana kipande cha shamba kwenye mlima, kidogo lakini chenye udongo mzuri. Mtoto wa jirani anakufa kwa malaria. Usiku kuna wimbo, kuna jina linalotajwa, kuna petroli kwenye chupa ya maji. Filme zote za ulozi zinakata hapo, kwenye miali. Kamera ibaki. Ibaki mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, mbuzi wa koko bado amefungwa, mbabula yake bado ina makala ya jana, na mtu aliyepiga kelele kuliko wote usiku anapanda mlima peke yake, ana kamba mkononi, anapima shamba.